Koki Nyuma ya Bega: Uchambuzi wa Ajali ya John Denver, 1997

Ukisikia ndege ndogo imeanguka kwa sababu ya mafuta, picha inayokujia ni ya tangi kavu: rubani alikadiria vibaya, akapita penye mafuta akijipa moyo kwamba yatamfikisha, injini ikakohoa, ikanyamaza. Visa vya namna hiyo vipo tele na havina fumbo. Hiki ni cha aina nyingine. Ndege iliyotumbukia baharini karibu na Pacific Grove, California, jioni ya tarehe 12 Oktoba 1997, kwa kila dalili ilikuwa bado na mafuta. Yalikuwa katika tangi la pili, na koki ya kuyafungulia ilikuwa nyuma ya bega la kushoto la rubani.

Rubani alikuwa peke yake, na jina lake lilijulikana dunia nzima: John Denver, mwimbaji, umri miaka 53. Umaarufu huo umefanya kisa kisimuliwe kama msiba wa msanii, mambo ya ndege yakaachwa pembeni. Wengi wanadhani alikuwa tajiri aliyejinunulia kichezeo asichokimudu. Sivyo. Alikuwa mtoto wa rubani wa Jeshi la Anga la Marekani, ana zaidi ya saa 2,700 za kuruka, na sifa zake za urubani zilimruhusu kurusha hata Learjet, ndege ndogo ya jeti. Kilichokuwa kigeni kwake ni ndege hii moja.

Ilikuwa Long-EZ, ndege ya kujengwa nyumbani kwa michoro ya mhandisi Burt Rutan. Ukiiona kwa mara ya kwanza utadhani inaruka kinyumenyume: bawa dogo liko mbele puani, bawa kubwa liko nyuma, injini iko nyuma kabisa ikisukuma badala ya kuvuta. Viti ni viwili, kimoja mbele ya kingine, na rubani hukaa cha mbele akiwa amelala kidogo chali. Usukani wa kugeuza pua kushoto na kulia haupo mkiani, kwani mkia wenyewe haupo. Umewekwa kwenye vibawa vilivyosimama ncha za bawa kubwa, kila upande na wake, kila mmoja na pedali yake. Ni ndege nyepesi, ya kasi, inayokunywa mafuta kidogo. Ina matangi mawili, moja kila upande kwenye shina la bawa, kila moja galoni 26.

Jambo moja kuhusu matangi hayo lifahamike mapema. Katika ndege nyingi zenye bawa juu ya paa, koki ya mafuta ina nafasi ya kufungua matangi yote mawili kwa pamoja, na mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Long-EZ haina nafasi hiyo. Ni kushoto, au kulia, au kufunga. Kwa hiyo rubani wa Long-EZ hana akaunti moja ya mafuta, anazo mbili, na injini inatoa kwenye moja tu kwa wakati mmoja. Ile iliyofunguliwa ikikauka, injini inakata hata kama jirani yake imejaa pomoni. Wachunguzi wa ajali hutenganisha mambo haya mawili: kuna kuishiwa mafuta, ambapo hakuna tone lililobaki, na kuna injini kunyimwa mafuta, ambapo mafuta yapo lakini hayaifikii. Kwa abiria na kwa familia tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa anayetaka kuelewa kilichotokea, ndiyo kila kitu.

Katika michoro ya Rutan, koki inakaa mbele, kati ya miguu ya rubani. Mjenzi wa ndege hii aliihamisha. Aliiweka kwenye ukuta wa nyuma, juu ya bega la kushoto la mtu wa mbele, kwa nia ya kuepusha mabomba ya mafuta yasipite ndani ya chumba cha rubani. Siwezi kumcheka kwa hilo. Mafuta ya petroli yakivuja mapajani mwako angani huna pa kukimbilia, na mjenzi aliyelifikiria hilo alikuwa anafikiria usalama. Lakini alibadilisha hatari moja kwa nyingine, na hiyo ya pili haionekani ndege ikiwa imeegeshwa.

Mkono wa koki haukuwa na alama. Juu ilikuwa imefungwa, chini ni tangi la kulia, na ukiuelekeza kulia unapata tangi la kushoto. Rudia kusoma sentensi hiyo, kisha jiulize kama ungeikumbuka ukiwa umejipinda, huoni, na injini imenyamaza. Zaidi ya hayo ulikuwa mgumu kugeuka. Geji nazo zilikuwa za kioo, zile za kutazama kimo cha mafuta moja kwa moja, ziko huko nyuma kwenye kiti cha pili, nazo hazikuwa na alama za kiasi.

Denver alikuwa ndiyo kwanza ameipata. Siku moja kabla, huko Santa Maria, California, alielekezwa na rubani mwingine kwa muda wa kama nusu saa, kisha akairusha mwenyewe kaskazini hadi Monterey, safari ya yapata saa moja. Hapo ndipo uzoefu wake wote wa aina hiyo ya ndege ulipoishia.

Sasa tufike uwanjani Monterey, jioni ya tarehe 12, kwa sababu ajali hii kwa kiasi kikubwa ilitokea pale chini, kabla injini haijawashwa.

Kulikuwa na fundi aliyemsaidia kuitoa ndege na kuiandaa. Wawili hao waliizungumzia koki. Si kwamba tatizo lilifichika likamvizia mtu angani, lilikuwa mezani. Walijaribu hata kurefusha mkono wa koki kwa koleo la kujifunga, ili rubani aufikie akiwa amekaa. Haikusaidia. Bado hakuufikia. Denver akasema kwamba akihitaji kubadili tangi atawasha otopailoti imshikie ndege sawasawa wakati yeye anageuka nyuma. Fundi akampa kioo kidogo cha ukaguzi, aweze kuzitazama geji zilizo nyuma bila kujipinda.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Watu wawili wenye akili timamu walifanya jaribio, jaribio likatoa jibu lililo wazi: mtu huyu, katika kiti hiki, haifikii koki hii. Na walichofanya baada ya jibu hilo ni kuliwekea viraka. Kioo kilitatua tatizo la kuona. Otopailoti ilitatua, kwa maneno, tatizo la mikono. Kila kiraka kilikuwa na busara yake, na nadhani ndiyo maana vilipumbaza: mtu akishaona ametafuta njia, akili inalifunga faili. Mbaya zaidi, ndani ya kiti kulikuwa na mto wa kumsogeza mbele ili miguu yake izifikie pedali vizuri. Kila inchi aliyosogezwa kuelekea pedali ilimwondoa inchi nyingine kutoka kwenye koki. Ndege ilikuwa inamwambia, kwa lugha ya vipimo, kwamba haimtoshi.

Kisha likaja suala la mafuta yenyewe. Fundi alizitazama geji akamwambia: tangi la kulia liko chini ya nusu, la kushoto chini ya robo. Denver akakataa kujaziwa. Alisema ataruka kwa muda wa kama saa moja tu.

Tuifanye hesabu aliyoifanya, au ambayo huenda aliifanya, maana haikuwa ya kipuuzi. Nusu ya galoni 26 ni 13. Robo yake ni 6.5. Tukichukua vipimo vya fundi kwa ukarimu wote, kikomo cha juu ni galoni 19.5. Injini ya ukubwa ule, ikienda mwendo wa kawaida, hunywa galoni kama 7 hadi 9 kwa saa. Kwa hiyo hata ukipunguza kwa haki, kwenye karatasi kuna zaidi ya saa moja na akiba juu yake. Kanuni za Marekani zinamtaka rubani anayeruka mchana kwa kuona aondoke na mafuta ya kumfikisha anakokwenda na dakika 30 za ziada. Usiku dakika 45. Kwenye karatasi, safari ya saa moja jioni ile ingeweza kupita.

Lakini injini hainywi jumla. Inakunywa tangi. Na ukiigawa hesabu hiyo kwa akaunti mbili, sura inabadilika. Tangi la kushoto, “chini ya robo”, haliwezi kubeba saa nzima hata kidogo. La kulia, “chini ya nusu”, lingeweza, kama “chini ya nusu” ni galoni 12, na lisingeweza kama ni 7. Ni ipi? Geji haina alama. Tangi lililochongwa kufuata umbo la bawa si debe lililonyooka. Nusu ya kimo si lazima iwe nusu ya mafuta. Juu ya hayo, Long-EZ ikiegeshwa bila mtu hulazwa pua chini, na kimo unachokisoma ikiwa imelala hivyo si kile cha ndege iliyo sawa. Kwa hiyo namba mbili zilizobeba safari nzima zilikuwa makadirio ya macho kwenye kioo kisicho na mistari.

Kwa maneno mengine, kukataa kujaza mafuta kulikuwa pia ni kukubali jambo jingine ambalo halikutamkwa: kwamba ndani ya saa ile huenda ikabidi abadili tangi angani. Kitu kile kile ambacho dakika chache kabla walithibitisha kwamba hakifikiki. Ndiyo maana sipendi maelezo yanayoziweka “koki mbovu” na “hakujaza” kama makosa mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya. Mafuta ya kutosha katika tangi moja yangeifanya koki mbovu iwe kero tu, ya kusemwa na fundi kesho yake. Alikuwa peke yake, hana mzigo, uzito haukuwa kisingizio, na fundi alikuwa amesimama pale pale.

Aliruka yapata saa 11:12 jioni. Akazunguka uwanja akifanya mazoezi ya kugusa na kupaa mara tatu, jambo la busara kwa mtu anayeizoea ndege mpya, ingawa kila kupaa ni injini kwa nguvu zote na mafuta yanakwenda haraka kuliko ile namba ya mwendo wa kawaida. Kisha akaelekea magharibi, pwani. Mazungumzo yake ya mwisho na mnara wa kuongozea ndege yalihusu transponda, ile redio inayoitambulisha ndege kwenye rada. Hakuna aliyemsikia akitaja mafuta.

Karibu saa 11:28 watu kadhaa waliokuwa ufukweni waliiona ikija chini, futi 350 hadi 500 kwa makadirio yao. Baadhi walisikia mlio kama wa mshindo mdogo, au sauti ya injini kupungua. Pua ikainuka kidogo, ndege ikalalia kulia, kisha ikashuka kichwa chini ndani ya maji. Mita mia moja na kitu kutoka nchi kavu.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilifanya kitu ninachokiona kuwa bora kuliko vyote katika uchunguzi huu. Ilimweka rubani kwenye Long-EZ nyingine na kuangalia mwili wa mtu unafanya nini ukijaribu kuifikia koki mahali pale. Kazi hiyo inahitaji hatua nne. Uachie usukani wa mkono. Ulegeze mikanda ya mabega. Ujizungushe kiwiliwili nyuzi 90 kwenda kushoto. Ndipo ugeuze mkono wa koki. Na katika hatua ya tatu mwili unafanya jambo ambalo halikuagizwa: ili kujizungusha kushoto ukiwa umekaa nusu chali, unahitaji pa kujikita, na mguu wa kulia unajikita penyewe, kwenye pedali ya kulia. Ndege ile ya majaribio ilipofanyiwa hivyo, pua iliinuka kidogo na ikalalia kulia. Ndivyo walivyosema watu wa ufukweni.

Jaribu sasa hivi kwenye kiti chako. Kaa umeegemea, nyoosha miguu mbele, kisha ukitumia mkono wa kulia gusa kitu kilicho nyuma ya bega la kushoto. Usikilize mguu.

Otopailoti nayo iko wapi katika hadithi hii? Mpango wa kuitumia ulikuwa mpango wa rubani aliye juu, mwenye nafasi, anayebadili tangi kwa hiari yake kabla halijakauka. Futi 3,000 juu ya uwanja ungeweza kufanya kazi. Futi 500 na injini ikikata, ndege ndogo nyingi zinakupa sekunde 40 hadi 60 hivi kabla ya kugusa chini, na hiyo ni kama hukukosea lolote. Humo ndani itoke sekunde ya kushangaa, sekunde za kuelewa ni nini, za kuwasha chombo, za kulegeza mikanda, za kujipinda, za kupapasa mkono mgumu usio na alama, na sekunde nyingine za mafuta kusafiri hadi injini na injini kushika tena. Tena otopailoti haibishani na mguu uliokandamiza pedali kwa nguvu zote. Mpango ulikuwepo. Ulikuwa wa mazingira mengine.

Wapo wanaosema alipaswa kuiacha koki, ashushe pua, aitue ndege majini au ufukweni kama kitelezi, yaani ndege isiyo na injini. Ni kweli, na marubani wote hufundishwa hivyo: rusha ndege kwanza, mengine baadaye. Lakini fundisho hilo linashindana na kishawishi kikali sana, kwa sababu rubani anajua kwamba mafuta yapo. Mwenye matangi mawili makavu hana cha kuhangaikia. Anatafuta pa kutua. Mwenye tangi moja lenye mafuta, umbali wa mkono na robo, atanyoosha mkono. Ningenyoosha, nadhani, na wewe ungenyoosha. Ndiyo maana uamuzi huo haufai kuachiwa futi 500.

Kuna jambo limezungumzwa sana kuhusu afya yake na cheti. Ni kweli hakuwa na cheti halali cha afya cha urubani wakati ule, kwa sababu ya historia yake ya pombe. Vipimo havikukuta pombe mwilini. Cheti hakikugeuza koki wala hakikuzuia mguu, kwa hiyo naliacha hapo.

Taarifa ya NTSB ilitoka mwanzoni mwa 1999. Ilitaja chanzo kuwa rubani kuondoa mawazo kwenye kuendesha ndege na kukanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, akipoteza udhibiti wakati akijaribu kugeuza koki. Ikaongeza, kama chanzo kamili na si kama nyongeza, maandalizi duni kabla ya kuruka, hasa kutokujaza mafuta. Waliyoyaita mambo yaliyochangia ni uamuzi wa mjenzi wa kuiweka koki isiyo na alama mahali pagumu kufikika, geji zisizo na alama, mafunzo hafifu ya kuhamia ndege ile, na uchache wa uzoefu nayo.

Nakubaliana na mpangilio huo, kwa shaka moja tu. Neno “maandalizi” linamfanya msomaji afikirie kalamu na karatasi. Mimi ningelitazama kwa namna nyingine kabisa: kukaa kitini, na mto wake, mikanda imefungwa, injini imezimwa, kisha kuihamisha koki kutoka tangi moja hadi jingine mara kumi huku fundi akiiangalia miguu yako. Likishindikana, ndege hairuki mpaka koki ihamishwe. Au, kwa uchache, inaruka na tangi moja lililojaa hadi juu, lililopimwa kwa kijiti na si kwa jicho, koki imeelekezwa huko kabla ya kuwasha injini, na safari inakatishwa muda mrefu kabla tangi hilo halijafika nusu. Hapo lile la pili halihesabiwi. Mafuta usiyoweza kuyafungulia ukiwa umetazama mbele na miguu yako imetulia ni mzigo tu. Yaandike kwenye hesabu ya uzito, yafute kwenye hesabu ya muda.

Mabaki yalipotolewa baharini, wachunguzi waliifungua koki waone ilikuwa wapi. Haikuwa kushoto, haikuwa kulia, na haikuwa imefungwa. Ilikuwa katikati ya safari.